Uzoefu wangu wa kuku wa kukaanga: agiza paja, chipsi waachie wengine

Upande wetu wa Kinondoni, ambako karibu kila kona ina kibanda cha chipsi chenye jiko la mkaa na kabati la kioo, anayefungua mgahawa wa kuku wa kukaanga wenye kiyoyozi, bango la taa na bei inayozidi mara mbili ile ya kibandani lazima awe na mtaji mkubwa au awe na kuku mzuri sana. Mgahawa ninaouzungumzia una vyote viwili, ingawa si kila kinachowekwa kwenye trei yake kinastahili fedha inayolipwa. Jina lake naliacha makusudi, kwa kuwa nimekula katika tawi moja tu, na baadhi ya kasoro nitakazozieleza huenda ni za tawi hilo wala si za kampuni nzima. Nimekwenda mchana na nimekwenda jioni, nimekula palepale na nimeagiza nikaletewa nyumbani, wakati mwingine peke yangu na wakati mwingine nikiwa na mpwa wangu wa kidato cha nne, kijana ambaye hasiti kutoa hukumu juu ya kitu chochote kilichopita kwenye mafuta.

Mteja huagiza kaunta, huku picha za vyakula na bei zake zikionekana kwenye skrini zilizofungwa juu ya vichwa vya wahudumu. Wakati nilipokwenda, vipande viwili vya kuku pamoja na chipsi na soda ndogo vilikuwa shilingi 15,500, kipande kimoja pekee shilingi 5,000, na ndoo ya familia yenye vipande 9 shilingi 40,000. Bei ya kwenye skrini ndiyo inayolipwa, kodi ikiwa imeshajumuishwa, na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, hutolewa bila kuombwa. Unaweza kulipa kwa fedha taslimu, kwa kadi au kwa lipa namba. Kando ya mashine ya malipo kimetundikwa cheti cha halali, mahali ambapo mteja anakiona kabla hajatoa fedha. Kwa mji wenye Waislamu wengi kama Dar es Salaam hilo ni jambo la msingi, na nimeingia migahawa kadhaa ambako cheti hicho hutolewa kwenye droo baada ya mteja kuuliza.

Jambo ambalo skrini haikuelezi ni kwamba unaponunua "kipande" hujui ni kipande gani. Kibandani tumezoea kununua robo, na kila mtu anajua kuwa robo ya chini ni paja na mguu wake, na robo ya juu ni kidari na kipapatio chake. Ukitaka ya chini unasema, na muuzaji anakuchomolea mbele ya macho yako. Migahawa ya namna hii ina utaratibu mwingine. Kuku mzima hukatwa vipande 8 au 9, na pale wanapokata 9 hupatikana vipapatio viwili, miguu miwili, mapaja mawili, vipande viwili vya mbavu na kidari kimoja. Kwa hiyo mteja aliyelipia vipande viwili anaweza kupata paja na mguu, yaani robo kamili yenye nyama ya kutosha, na mwenzake aliye nyuma yake kwenye foleni akalipa fedha ileile akapewa kipapatio na ubavu. Nilipofika kaunta kwa mara ya kwanza nilitaka kulimaliza suala hili mapema.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Naomba vipande viwili, vyote mapaja."

"Mama, vipande huwa tunachanganya, mteja hachagui."

"Sawa, changanyeni, lakini kipapatio msinipe."

Binti yule alicheka, akageuka kutazama kabati la joto lililokuwa nyuma yake, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikisubiri dakika tano kuna mapaja yanatoka jikoni. Nilisubiri, na nikapata mapaja mawili. Tangu hapo nimegundua kwamba utaratibu wa kuchanganya hulegezwa pale ambapo foleni ni fupi na mteja ameomba kwa lugha nzuri, lakini jioni za mwisho wa wiki hakuna wa kukusikiliza. Naona ni kasoro ya kweli, kwa sababu tofauti ya nyama kati ya paja na kipapatio ni kubwa mno kwa vitu viwili vinavyouzwa kwa bei moja.

Sasa kuku mwenyewe. Paja la kwanza lilifika likiwa la moto kiasi kwamba nililazimika kulishika kwa karatasi. Ganda lake lilikuwa na magamba madogo yaliyosimama, ya rangi ya kahawia isiyokolea, na nilipolivunja kwa vidole lilitoa sauti kavu, kisha mvuke ukatoka kwenye mpasuko na mchuzi mweupe ukatiririka hadi kwenye kiganja. Mchuzi huo ndio niliokuwa nautafuta. Kuku wengi wa kukaanga wa mtaani huwa wameiva, lakini nyama yake imekauka, hasa ya kidari, kwa sababu wamechemshwa mapema, wakakaangwa asubuhi, kisha hurudishwa kwenye mafuta kila anapotokea mteja. Huyu chumvi ilikuwa imemwingia mpaka mfupani, dalili kwamba alilazwa kwenye maji ya chumvi na viungo saa nyingi kabla ya kupakwa unga. Viungo vyenyewe si vikali. Nilisikia pilipili manga, kitunguu saumu na kitu kinachofanana na tangawizi kwa mbali, basi. Mtu anayetarajia ladha ya kuku aliyepakwa ndimu, bizari na pilipili kama wanavyofanya watu wa pwani atamwona huyu amepooza kidogo.

Kinachomfanya asikauke ni chombo anachokaangiwa. Kupitia dirisha la jikoni unaviona vikaango vyenye mifuniko mizito inayofungwa kwa mkono mrefu wa chuma. Hivyo ni vikaango vya presha, na kazi yake ni ileile ya sufuria ya presha tunayochemshia maharage, isipokuwa ndani yake kuna mafuta. Kifuniko kikishafungwa, mvuke unaotoka kwenye nyama hubaki ndani na kuongeza shinikizo, na kwa sababu hiyo maji yaliyomo katika nyama hayatoki kwa kasi kama yanavyotoka kwenye karai la wazi. Kuku huiva ndani kabla ganda halijaungua nje. Aliyeupa utaratibu huu umaarufu ni Harland Sanders, aliyekuwa akiwalisha wasafiri pale Corbin, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Kukaanga kuku kwenye kikaango cha chuma kulimchukua kama dakika 30, muda ambao msafiri hakuwa nao, ndipo mwaka 1939 akaanza kutumia sufuria ya presha na kuupunguza muda huo sana. Mgahawa wa kwanza uliopewa kibali cha kuuza kuku kwa kanuni yake ulikuwa Salt Lake City, mwaka 1952. KFC (Kentucky Fried Chicken), kampuni aliyoianzisha, ilifika Nairobi mwaka 2011, na leo hata migahawa isiyo na uhusiano wowote naye inakaanga kwa namna hiyo.

Namna hiyo ina masharti yake, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila paja nililopewa lilikuwa na ukubwa uleule. Kikaango kikishafungwa mpishi hawezi kuchungulia wala kuchomoa kipande kidogo kilichotangulia kuiva. Muda umepangwa, na vipande vyote vilivyomo lazima viwe vinalingana. Ndiyo maana wanatumia kuku wa kisasa pekee, wa wiki tano au sita, waliolelewa kwa pamoja na kuchinjwa kwa uzito unaokaribiana. Kuku wa kienyeji hawezi kupita hapo. Jogoo aliyezunguka uani mwaka mzima ana misuli migumu na mifupa iliyokomaa. Huyo anahitaji sufuria, maji, tangawizi na saa nzima ya subira, na akikaangwa bila kuchemshwa utamtafuna mpaka taya ziume. Kwa utamu wa mchuzi kuku wa kienyeji anabaki juu, na sidhani kama kuna mtu mgahawani pale anayebisha. Ila nikiulizwa kuku wa kisasa apikwe vipi ili asiwe laini na chapwa kama tunavyomlaumu siku zote, nitajibu kwamba huu ni mmoja wa upishi unaomfaa zaidi.

Mpwa wangu alipofika kwenye mfupa wa paja lake alisita, akanionyesha nyama ya rangi nyekundu iliyokolea karibu na kifundo, akasema, "Mama mdogo, huyu hajaiva." Nililikagua. Nyama ilikuwa inaachia mfupa kirahisi, mchuzi ulikuwa mweupe kabisa, na hapakuwa na ule utelezi wa nyama mbichi. Rangi ile hutoka kwenye uboho: mifupa ya kuku mchanga haijakaza, hivyo wakati wa kugandishwa na kupikwa uboho hupenya ukaipaka nyama iliyo jirani rangi nyekundu au hata nyeusi, ilhali nyama hiyo imeshapita nyuzijoto 74 ambazo ndizo kipimo cha usalama kwa kuku. Hata hivyo niliita mhudumu na kumwuliza, kwa kuwa mteja hatakiwi kuwa na kipimajoto mfukoni. Kijana aliyekuja hakubishana. Alisema, "Mama, kama hamna amani naye, nawabadilishia," akaleta paja lingine baada ya dakika chache. Huduma hiyo niliipenda, ingawa ningependa zaidi kama angejua pia kueleza sababu ya rangi ile, maana si mteja mmoja atakayeiulizia.

Kuhusu chipsi sina mengi mazuri. Ni nyembamba, zinalingana urefu kama vijiti vya kiberiti, na kwa dakika tatu za mwanzo zina ukavu mzuri kwa nje. Baada ya hapo hunywea, zikawa baridi na kuacha ladha ya mafuta mdomoni. Zinaletwa zimeshakatwa na kugandishwa, na zilipowekwa mbele yetu tayari zilikuwa zimekaa chini ya taa ya joto kwa muda. Nchini hatuna upungufu wa viazi: Njombe, Mbeya na Iringa vinalimwa kwa wingi, na kijana wa kibandani huvimenya asubuhi akavikata kwa kisu, akakaanga nusu, akavimalizia pale mteja anapofika. Chipsi zake ni nene, zimetofautiana kila moja, nyingine zimebaki na ncha iliyoungua, lakini ndani zina ladha ya kiazi. Migahawa mikubwa hupendelea za kugandishwa kwa sababu kiazi kibichi hubadilikabadilika kwa sukari na maji yake, na wao wanataka kila sahani ifanane na nyingine. Ugonjwa huo si wa huku kwetu peke yake. Wakenya wanakumbuka Januari 2022, KFC ya kwao ilipoishiwa chipsi kwa kuwa shehena kutoka nje ilichelewa, ilhali viazi vimejaa Nyandarua. Kelele zilizopigwa wakati ule ziliifanya kampuni itangaze kuwa itatafuta wakulima wa ndani. Mgahawa wangu huu ukipata mtu wa kuwamenyea viazi vya Njombe, nusu ya lawama zangu itakwisha.

Kwenye vya kuchovyea pia ningependa waangalie upya. Unapewa vipakiti vya tomato sosi na vya pilipili ya kiwandani, ile tamu zaidi kuliko kali, na kikombe kidogo cha kabichi iliyochanganywa na mayonezi. Kachumbari hakuna. Ndimu hakuna, na nilipoiomba mhudumu alinitazama kana kwamba nimeomba kitanda. Kuku mwenye mafuta kiasi kile anahitaji kitu kichachu pembeni, na mji mzima unajua kuwa kitu hicho ni kachumbari yenye ndimu au ukwaju wenye pilipili ya kutwanga. Gharama yake ni ndogo mno kuilinganisha na ile kabichi ambayo, nilivyoona kwenye meza za jirani, wengi huiacha bila kuigusa.

Niliagiza pia nikaletewa nyumbani kwa bodaboda, na matokeo yake ni tofauti kiasi kwamba ningemshauri mtu ayachukulie kama vyakula viwili. Oda ilifika baada ya kama dakika 40, dereva akiwa amepiga simu njiani kuuliza tulipo, jambo la kawaida kwa mitaa yetu isiyo na namba za nyumba. Mfuko ulikuwa wa karatasi, kama inavyotakiwa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, na ndani yake boksi la kadibodi lililofungwa vizuri. Kufungwa vizuri ndiko kulikoharibu. Kuku wa moto hutoa mvuke, na mvuke usiopata pa kutokea hurudi kwenye ganda. Nilipofungua, yale magamba makavu yalikuwa yamelowa na yanabanduka kama ngozi ya maziwa. Nyama ilikuwa bado tamu, lakini ule ukavu ninaoulipia haukuwepo tena. Nimejaribu kumpasha kwenye maikrowevu, nikaona analowa zaidi. Kumweka kwenye oveni ya moto kwa dakika kumi, au kwenye kikaango kikavu chenye moto mdogo huku ukimgeuzageuza, humrudishia sehemu ya heshima yake. Anayechukua mwenyewe kaunta afungue kifuniko cha boksi mara moja na aende nalo wazi hadi nyumbani, hata kama gari litanuka kuku siku mbili.

Katika oda hiyohiyo kilikosekana kipande kimoja. Nilipiga simu kwa namba iliyo kwenye risiti, nikapokewa mara ya pili, nikaombwa nitume picha ya boksi, kisha nikaulizwa iwapo nataka kiletwe kipande au nirudishiwe fedha. Nilichagua fedha kwa kuwa saa ilikuwa imekwenda, na shilingi 5,000 ziliingia kwenye simu kesho yake mchana baada ya mimi kukumbusha. Kukosea kuhesabu wakati wa msongamano kunaeleweka; kusubiri mpaka mteja akumbushe ndiko kulikonikera.

Usafi wa mahali pale sina shaka nao. Sinki la kunawia liko ukumbini, si chooni, lina sabuni na maji yanayotoka, na wateja wengi hunawa kabla na baada ya kula kwa kuwa kuku huyu haliwi kwa uma. Meza hufutwa haraka. Muziki uko juu zaidi ya inavyohitajika.

Nimepiga hesabu ya thamani kwa njia mbili. Kibandani kwetu robo ya chini ni shilingi 4,000, chipsi 2,000 na soda 1,000, jumla 7,000. Mlo unaofanana na huo mgahawani ni 15,500. Ukiwatenganisha kuku na chipsi picha inabadilika kidogo, kwa sababu chipsi zile ndizo zinazofanya mtu ajute. Ndoo ya vipande 9 kwa shilingi 40,000 inafanya kila kipande kiwe kama 4,400, na ndani ya ndoo hakuna ujanja wa kuchanganya, maana kuku mzima yumo na familia itagawana kama inavyogawana nyumbani, wakubwa wakiwa na paja na watoto wakigombea miguu. Kuku wa kisasa aliyenyonyolewa sokoni hupatikana kwa shilingi 9,000 hivi. Kwa hiyo thelathini na moja elfu iliyobaki ni ya unga, mafuta, umeme, pango, kiyoyozi na ule ufundi wa presha ambao mimi jikoni kwangu siwezi kuufanya, wala simshauri mtu ajaribu kukaanga kwa mafuta kwenye sufuria ya presha ya nyumbani, kwa kuwa haikutengenezwa kwa kazi hiyo na imeshaunguza watu.

Kwa mwenye kukusudia kwenda, muda mzuri ni kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana siku za kazi, wakati vikaango vinafanya kazi mfululizo na kuku hapati nafasi ya kukaa kwenye kabati la joto. Saa kumi jioni pamepoa, lakini kuku anayetolewa ni wa mchana. Ijumaa na Jumamosi baada ya magharibi foleni hufika mlangoni, mapaja huisha mapema, na hapo utaambiwa kwamba vipande vinachanganywa bila hata kutazamwa usoni. Kama wenye mgahawa wataruhusu mteja achague kipande chake kwa kuongeza shilingi 500, mimi nitailipa kila mara, na chipsi wanaweza kumpa aliye nyuma yangu.